Hesabu ya Matone

Ukutani mwa zahanati yetu, huku Kayenze, kuna karatasi.
Imegongwa muhuri, imebandikwa kwa plasta ya vidonda:
CHUJIO LISUUZWE KILA JUMAMOSI, SAA MBILI ASUBUHI.
Chini yake visanduku hamsini na viwili
vya kutia vema.

Mwaka wa kwanza nilitii.
Nafungua ndoo ya juu, natoa mshumaa wa udongo,
mweupe, mnene kama mkono wa mtoto aliyeshiba,
naupitisha brashi laini, nausuuza, naurudisha,
natia vema.

Ikafika Machi.
Mvua ikashuka na vilima, ikapita mashambani,
ikazoa samadi, mchanga, kandambili moja,
ikavimwaga vyote ziwani.
Maji ya Jumatatu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.
Jumanne usiku koki ikanyamaza.
Chumba cha wazazi, Ng'walu aliyejifungua alfajiri
aliomba maji ya kumezea vidonge,
nami nimechuchumaa na kikombe
kama anayekama ng'ombe aliyekauka.
Jumamosi ilikuwa bado siku nne.

Nikasuuza usiku uleule, kwa mwanga wa simu.
Sikutia vema. Hapakuwa na kisanduku cha Jumanne.

Tangu hapo nahesabu matone.
Mshale mwembamba wa saa, mzunguko mmoja:
arobaini na sita, chujio linapumua.
Thelathini, linaanza kukohoa.
Ishirini, brashi.

Ziwa nimelisoma kama mtu anavyomsoma mama mkwe,
kwa uso wa asubuhi.
Januari, upepo ukilala na jua likakaza,
maji huota ukijani, uji wa mchicha ambao hakuna aliyeuomba.
Nasuuza asubuhi, nasuuza jioni,
na bado utelezi unabaki vidoleni.
Siku hizo khanga kuukuu hutangulia, mikunjo minne
mdomoni mwa ndoo,
ichafuke yeye kwanza.

Lakini Julai! Julai maji hung'aa,
ukidondosha shilingi kwenye ndoo unaona hadi mwaka wake.
Hapo ndipo kazi ngumu: kutofanya kitu.
Siku kumi na nane, matone arobaini na mawili,
mikono inaniwasha.
Maana kila brashi inakula udongo.
Nina uzi mwekundu wenye fundo, kipimo cha kiuno cha mshumaa;
mwaka juzi ulibana,
leo kidole changu kinapita katikati.
Usafi nao hukondesha.

Agosti akaja Bwana Lutema kutoka wilayani,
miwani kwenye paji la uso.
"Visanduku vitatu vitupu. Minza, unalala?"
Nikampeleka kwenye ndoo. Nikamwambia, hesabu.
Akahesabu hadi kumi na moja, simu yake ikalia,
akatoka nje akizungumza habari za mafuta ya gari.
Aliporudi akaandika kwenye kitabu:
Mhudumu afuate ratiba.

Basi karatasi nimeipa amani yake.
Kila Jumamosi saa mbili natia vema, wino wa bluu,
hata kama ndoo sijaigusa.
Hesabu ya kweli iko nyuma ya mlango wa stoo, kwa mkaa:
mstari, nafasi pana, mstari,
kisha mistari imesongamana kama meno ya kitana.
Ajuaye kusoma ataona pale mvua ilipopita.

Leo ni Alhamisi.
Upepo umegeuka tangu alfajiri,
magugu maji yamesogea hadi mwaloni.
Nimevuta stuli.
Sesilia wa maabara anauliza nangoja nini,
si nisuuze tu yaishe.
Namwinulia kidole: subiri.
Ishirini na nane.
Au saba. Moja limeanguka nilipogeuka.